Saa Mbili Zilizochukua Saa Tatu na Dakika 36

Ndani ya maikrokontrola, ile chipu ndogo nyeusi inayoendesha mashine ya kufulia, geti la umeme na mita ya luku, kuna sehemu ambayo haina kazi nyingine isipokuwa kuhesabu. Inaitwa taima. Haijui saa, haijui tarehe, haijui kama nje kuna jua au giza. Inaongeza moja, halafu moja, halafu moja, na ikifika pale ilipoambiwa iishie inapiga kengele na kuanza upya. Nimekuwa fundi elektroniki hapa Maili Moja, Kibaha, kwa miaka kadhaa, na wateja wangu wengi hawajawahi kusikia habari zake. Shangazi yangu wa Kisarawe anazijua. Alizijua kwa hasara.

Shangazi anatotolesha vifaranga. Ana mashine moja ya trei tatu, kila trei mayai 88, jumla 264. Mayai mengi si yake. Majirani wanaleta mayai ya kuku wa kienyeji, wanalipia kila yai linaloingia, na baada ya siku 21 wanakuja na maboksi. Aliyeleta mayai 40 akiondoka na vifaranga 12, hamlaumu jogoo wake. Anamlaumu shangazi, na kesho yake mtaa mzima unajua. Mwaka ule majirani wawili walikuwa wameshaacha kuleta, na wa tatu alitaka kurudishiwa hela.

Ufugaji wenyewe alifundishwa na watu waliofundishwa Shirika la Elimu Kibaha, lile lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki. Ndiyo maana akitaja Kibaha huitaja kama chuo, si mji. Mimi kuishi Kibaha anakuhesabu kama shahada.

Basi alinipigia simu. Shikamoo, marahaba, halafu hapo hapo: "Mwanangu, hii mashine inanidanganya. Njoo."

Yai linaloatamiwa lazima ligeuzwe. Kuku hufanya kazi hiyo kwa mdomo na miguu, mchana na usiku, bila ratiba ya mtu. Lisipogeuzwa, kiini chenye uhai huelea juu na kugandana na utando wa ganda, na kifaranga hufa kabla hujakijua. Wanaogeuza kwa mkono huweka alama ya X upande mmoja wa yai na O upande wa pili, kwa penseli, na hugeuza mara tatu au tano kwa siku. Hesabu huwa witiri kwa sababu moja nzuri sana: usiku ni mrefu kuliko nafasi nyingine zote, na ukigeuza mara witiri, upande uliolala juu usiku wa leo utakuwa chini usiku wa kesho. Siku ya 18 kugeuza kunaachwa, kifaranga kijipange kwa kutoka.

Mashine ya shangazi iliahidi kugeuza kila baada ya saa mbili, mara 12 kwa siku. Joto lilikuwa sawa, nyuzi 37.5. Unyevu ulikuwa sawa. Mota ilikuwa nzima, na trei zililala upande huu na upande ule vizuri kabisa. Ukisimama mbele yake na kubonyeza swichi ya kujaribia, inageuza. Fundi yeyote angesema mashine haina tatizo, na wawili walikuwa wameshasema.

Lakini shangazi alikuwa na daftari. Kila aliposikia mota ikinguruma aliandika saa. Aliandika kwa saa ya Kiswahili, kwa mkono wa mtu aliyeacha shule mapema na hakuacha kuandika. Ukurasa mmoja ulikuwa hivi: saa 12:50 asubuhi. Saa 4 na nusu. Saa 8. Saa 12 kasoro dakika 20. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama pale pale uani. Toka mlio wa kwanza hadi wa nne ni saa 10 na dakika 50. Gawanya kwa tatu. Kila mgeuzo ulikuwa unachukua takriban saa tatu na dakika 36.

Kosa linalojirudia kwa kipimo kilekile si bahati mbaya wala si waya uliolegea. Mtu alihesabu vibaya mahali fulani, kwa utaratibu.

Aliyeunda mashine ni fundi wa Dar es Salaam ambaye hatatajwa hapa. Nilipompigia hakuleta ubishi, alinitumia programu kwa WhatsApp jioni ileile. Ilikuwa fupi na, kwa macho, haina kosa. Soma joto. Andika joto kwenye kioo. Subiri sekunde moja. Ongeza moja kwenye hesabu. Hesabu ikifika 7,200, geuza trei, anza sifuri. Saa mbili zina sekunde 7,200, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi.

Tatizo liko kwenye neno "soma". Kipima joto kilichokuwamo ni DS18B20, kidude kizuri, cha bei nafuu, kinachopatikana Kariakoo kama njugu. Kikipewa kazi ya kupima kwa ukamilifu wake wote wa biti 12, huweza kuchukua hadi milisekunde 750 kabla hakijatoa jibu. Katika muda huo programu ilikuwa imesimama tu ikikingojea. Kisha iandike kwenye kioo. Kisha ndiyo ianze kusubiri sekunde yake moja. Jumla, kila "sekunde" ya mashine ile ilikuwa inakaribia sekunde moja na nukta nane za sekunde zetu. Zidisha kwa 7,200 unapata 12,960, yaani saa tatu na dakika 36. Daftari la shangazi lilikuwa limepima kasoro ya programu ambayo hajawahi kuiona.

Nilimweleza hivi. Mama anayekaanga maandazi ameambiwa ahesabu sekunde kichwani. Anahesabu kwa uaminifu: moja, mbili, tatu. Lakini kila baada ya namba moja anageuza maandazi, anapokea hela, anatoa chenji, anarudi, anaendelea na nne. Hajaruka namba hata moja. Ukimuuliza umefika ngapi atakujibu kweli, na jibu lake halitakuwa na uhusiano wowote na saa.

Dawa si kumfokea mama ahesabu haraka. Ukiondoa nukta nane kwa makadirio, kama wengi wanavyofanya, kesho utaongeza kipima unyevu na hesabu itaharibika tena. Dawa ni kumtoa kwenye kuhesabu kabisa.

Hapo ndipo taima inapoingia. Chipu ya mashine ile ilikuwa ATmega328P, ileile iliyomo kwenye bodi za Arduino Uno, na ina taima tatu ndani yake. Zilikuwa zimekaa humo tangu siku ya kwanza. Programu ya yule fundi haikuitumia hata moja kuhesabia saa zake mbili.

Taima si programu. Hili ndilo watu hukosea kulielewa, na lugha inachangia, kwa sababu tunasema "taima" hata kwa ile ya simu. Taima ya ndani ya chipu ni saketi yake yenyewe, imechongwa kwenye silikoni ileile lakini pembeni ya ile sehemu inayotekeleza programu. Chipu inapata mapigo kutoka nje, kwenye kristali au resoneta, mapigo milioni 16 kwa sekunde. Mapigo hayohayo yanayoisukuma programu hatua kwa hatua yanaingia pia kwenye taima, na kila pigo linaongeza moja kwenye rejista. Programu ikisimama kungojea kipima joto, taima inaendelea. Programu ikiandika kwenye kioo, taima inaendelea.

Mapigo milioni 16 ni mengi mno kwa rejista ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 65,535. Ingejaa na kurudi sifuri kila baada ya milisekunde nne na kidogo. Kwa hiyo kabla ya taima kuna kigawanyo: unaiambia chipu ihesabu pigo moja tu katika kila 1,024. Sasa yanabaki mapigo 15,625 kwa sekunde, namba inayoenea kwenye rejista bila tabu. Kisha kuna rejista ya pili, ya kulinganishia, ambamo unaandika kikomo. Niliandika 15,624, si 15,625, kwa sababu taima huanza na sifuri, na sifuri nayo ni pigo. Hesabu ikifikia kikomo, saketi yenyewe, bila kuomba ruhusa kwa programu, inairudisha sifuri na kuinua bendera.

Bendera hiyo huzaa katizo. Programu inaacha ilichokuwa ikifanya, inaweka alama mahali ilipofikia, inakwenda kutekeleza mistari michache niliyoiandika kwa ajili ya tukio hilo, kisha inarudi palepale ilipoachia. Shangazi hakuhitaji mfano wangu hapa, alitoa wake. "Kama adhana," alisema. Nikaona ni sahihi kuliko nilichokuwa nimeandaa. Muadhini ana saa yake. Hamuulizi mkulima kama amemaliza tuta. Mkulima anaweka jembe, anaswali, anarudi kwenye tuta lilelile. Na mkulima akichelewa kidogo kuitika, adhana inayofuata haisogei.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo zima. Katika ile programu ya kwanza, kila kuchelewa kulijumlishwa juu ya kuchelewa kwingine: nukta nane, mara 7,200. Kwenye taima, rejista inarudi sifuri na kuanza sekunde mpya wakati uleule, hata kama programu bado haijaitika. Ikiitika baada ya milisekunde tano, sawa, imechelewa milisekunde tano, na sekunde ifuatayo haijui lolote kuhusu hilo.

Taima yenyewe haiwezi kuhesabu saa mbili. Hata kwa kigawanyo kile kikubwa, rejista inajaa baada ya sekunde nne tu. Inatosha iwe kama tasbihi ya punje 33: punje zikiisha unakunja kidole kimoja na kuanza tena, na anayejua umefika ngapi ni vidole. Katizo langu halifanyi zaidi ya kukunja kidole. Linaongeza moja kwenye hesabu ya sekunde na kuondoka. Kugeuza trei hakumo humo, kwa sababu mota inachukua muda, na muadhini hatakiwi kushika jembe. Programu kuu ndiyo inayotazama vidole, ikiona 7,200 inawasha rilei ya mota.

Kuna wenzangu wangeniuliza kuhusu usahihi. Bodi nyingi za Arduino Uno hazitumii kristali kwa chipu kuu, zinatumia resoneta ya kauri, ambayo inaweza kukosea nusu ya asilimia. Nusu ya asilimia ya siku moja ni dakika saba. Kwa saa ya ukutani ni aibu. Kwa yai si kitu. Yai linalogeuzwa baada ya saa mbili na nusu dakika halina malalamiko. Mafundi vijana hutumia hela nyingi kununua usahihi pale ambapo kinachotakiwa ni mtu asiyeacha kuhesabu, na mtu huyo tayari wamemlipia ndani ya chipu.

Nilimaliza hayo kwa jioni mbili, kwenye meza yangu Maili Moja, mashine ikiwa imeletwa kwa Kirikuu. Niliiwasha na trei tupu. Ilinguruma kila baada ya saa mbili, na mke wangu alihesabu pamoja nami hadi akachoka. Nikadhani kazi imekwisha.

Shangazi alifungua daftari ukurasa mwingine. Kulikuwa na siku ambazo mota ilisikika mara mbili tu tangu asubuhi hadi usiku. Saa tatu na dakika 36 haielezi hilo. Pembeni ya kila siku ya namna hiyo alikuwa ameandika herufi U, na mistari midogo: U mistari mitatu, U mistari mitano. Umeme. Kila mstari ni mara moja ulipokatika.

Rejista za taima, na vile vidole vyangu pia, viko kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme. Umeme ukienda, hata kwa kupepesa jicho, vyote vinarudi sifuri. Mashine ikiwa imefika saa moja na dakika 50, umeme ukacheza, inaanza upya kungoja saa mbili. Ukicheza tena baada ya saa moja na nusu, inaanza upya. Katika siku mbaya, mayai yangeweza kulala upande mmoja tangu adhuhuri hadi usiku wa manane huku mashine ikiwa nzima na inahesabu kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo taima peke yake ingepunguza hasara bila kuimaliza. Kuku hana tatizo hili. Umeme wa Kisarawe haumhusu.

ATmega328P ina kumbukumbu ya kudumu, baiti 1,024, ambayo haifutiki umeme ukikatika. Kishawishi ni kuandika humo kila sekunde. Lakini kila chumba cha kumbukumbu hiyo kimehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 tu, na sekunde 100,000 ni saa 27 na ushee. Ungekiua chumba kabla mayai hayajafikisha siku ya pili. Niliandika kila baada ya robo saa. Hiyo ni mara 96 kwa siku, karibu miaka mitatu kwa chumba kimoja, na nikazungusha vyumba kumi kwa zamu. Mashine itaoza mbao kwanza. Umeme ukikatika sasa, kinachopotea kwenye hesabu ya mgeuzo ni dakika 15 kwa wingi.

Niliwasha pia taima nyingine ambayo watu huisahau, ile ya ulinzi. Hii ina mapigo yake ya pembeni kabisa, haitegemei yale milioni 16. Unaipa muda, wa juu kabisa ni sekunde nane, na programu inatakiwa kuigusa kabla muda haujaisha. Isipoguswa inachukulia kwamba programu imekwama, na inaiwasha chipu upya. Mahali pa kuigusia ni kwenye programu kuu, si ndani ya lile katizo. Katizo huweza kuendelea kulia kila sekunde kwa ukamilifu huku programu kuu imekwama mahali, haisomi joto, haigeuzi chochote. Nimeona geti moja hapa Picha ya Ndege likiwa hivyo: taa inapepesa vizuri kila sekunde, na gari la mwenye nyumba liko nje kwenye mvua.

Nilipoirudisha mashine, tukipanda kutoka Pugu, na msitu ukiwa na baridi yake ya asubuhi, shangazi alikuwa ameshaandaa swali.

"Umeme ukikatika saa tano nzima, itajuaje kwamba saa tano zimepita?"

Haitajua. Ilihifadhi ilipoishia, lakini muda wa giza haukuwa na wa kuuhesabu. Kwa kugeuza si tatizo: umeme ukirudi, programu inageuza mara moja na kuendelea. Tatizo ni siku ya 18. Katika siku 17 umeme ukipotea kwa jumla ya saa 20, mashine itaendelea kugeuza karibu siku nzima baada ya siku ya kuacha, na shangazi amenunua mashine ili asihesabu siku yeye.

Hapo ilibidi kuongeza kidude cha saa, DS3231, chenye betri ndogo bapa kama ya saa ya mkononi. Ndani yake ni kaunta nyingine tena, hii inapigwa na kristali ya mapigo 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka uanze na moja na kuizidisha kwa mbili mara 15. Ukigawanya kwa mbili mara 15 unabaki na pigo moja kwa sekunde, na kugawanya kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa saketi. Tofauti yake na taima ya chipu kuu ni betri tu. Umeme wa nyumba ukienda, yenyewe inaendelea kuhesabu gizani.

Lakini saa, tofauti na taima, lazima uiambie sasa ni saa ngapi. Nilianza kuiwekea 9:40. Shangazi alitazama kioo, akatazama mkono wake. "Saa tatu na dakika arobaini," alisema. "Hiyo tisa ni ya alasiri. Mimi nitaandika nini kwenye daftari?"

Nilitaka kumweleza kwamba dunia nzima huiweka hivyo. Kisha nikafikiri, dunia nzima haitotoleshi mayai haya. Kaunta haijali. Niliirudisha nyuma saa sita na kuandika 3:40, na pale ambapo saa za namna hii huonyesha nusu ya kwanza na nusu ya pili ya siku nikaweka M na U, mchana na usiku. M inaanza kunapokucha, U inaanza giza linapoingia, bila mabadiliko mengine yoyote kwenye programu.

Jambo moja tuliligundua siku chache baadaye, na yeye ndiye aliyeligundua. Saa iliyorudishwa nyuma saa sita haibadilishi tarehe usiku wa manane. Inaibadilisha saa 12 asubuhi. Siku ya 18 ya mayai yale iliingia shangazi akiwa ameshaamka, ameshaswali, amesimama mbele ya mashine na tochi ya kumulikia mayai mkononi, akiona namba 17 inageuka. Mota haikunguruma tena. Aliandika kwenye daftari: saa 12 kamili, M, imeacha.